Maharage Kumi ya Nasieku

Mara ya kwanza nilipofika Ngorongoro nilikuwa nanuka vitunguu. Mnivumilie nianzie hapo, maana hata kumbukumbu yenyewe huanzia hapo hapo. Duka langu la ushonaji liko kando ya barabara hapa Karatu, na msimu wa vitunguu ukifika magari hupanda kutoka Mang'ola yamejaza magunia hadi juu. Gari likipita na upepo ukaelekea kwangu, ile harufu kali yenye utamu kwa mbali huingia hadi kwenye vitambaa. Wateja hufunika pua. Mimi mguu husimama wenyewe kwenye cherehani, na kwa dakika nzima siko dukani. Niko nyuma kwenye lori la fuso, nina miaka kumi na mmoja, nimevaa sweta ya kaka yangu inayonifika magotini, na ukungu unaniingia masikioni.

Nilisoma shule ya msingi huko Daa, kwenye mashamba ya udongo mwekundu, ule udongo ambao ukiuchezea Jumatatu bado uko kwenye kucha zako Jumapili kanisani. Darasa letu la tano lilikuwa na madirisha mawili ya vioo na mawili ya mbao. Mvua ikinyesha tulifunga yale ya mbao na kusoma kwa mwanga wa upande mmoja, na ndiyo maana mpaka leo nikifikiria darasa lile naliona nusu jeupe na nusu giza. Mwalimu wetu wa sayansi aliitwa Mwalimu Bura. Alikuwa mwembamba, msemaji wa pole pole, na alivaa buti za mvua mwaka mzima, hata kiangazi vumbi linapofika kwenye vifundo vya miguu. Alikuwa na msemo wake kwamba sayansi huanzia kwenye kucha. Hakutupa somo la mizizi mpaka tulipokwenda nyuma ya vyoo kung'oa magugu, na hakutufundisha mvua mpaka tulipokata chupa za maji na kuzisimika uwanjani. Mara moja alitupa kazi ya nyumbani ya kuchora ramani ya njia ya kuja shuleni. Mimi yangu niliijaza mbwa wote wa njiani kwa majina yao na tabia zao, na yeye akaandika pembeni kwa kalamu nyekundu, "Shule iko wapi?"

Kabla ya likizo fupi ya Pasaka akatupa kazi kubwa. Kila mwanafunzi akapande maharage kumi nyumbani kwake, kwenye kopo, kwa udongo wa kwao. Kila asubuhi apime mche kwa rula na kuandika kwenye daftari, na likizo ikiisha aje na kopo lake tuone udongo wa nani unaotesha vizuri zaidi. Halafu akatuambia jambo lililotufanya tusikae vitini. Ijumaa ya mwisho ya muhula tungekwenda ziara Ngorongoro, kwenye kituo cha juu ukingoni ambapo watu husimama kutazama kreta. Fuso lingepatikana, lakini halingetosha darasa zima. Kwa hiyo sharti likawa moja, na alilisema akiwa ameinua kidole: asiye na kopo hana nafasi kwenye gari.

Labda msomaji wa mbali atashangaa. Sisi tulikuwa tunaishi miguuni pa mlima ule. Kila siku magari ya watalii yaliyofunguliwa paa yalipita barabara kuu na wageni wakatupungia mikono, nasi tukawapungia, wao wakaenda kuona na sisi tukarudi kuchunga mbuzi. Darasani mwetu waliowahi kupita geti la hifadhi walikuwa wa kuhesabika, na mmoja wao alikuwa jirani yangu wa dawati, Nasieku.

Yeye hakuiona Ngorongoro kwa ziara. Kwao ni Endulen, ndani kabisa ya hifadhi, na alikuja Daa kukaa na mama yake mdogo aliyeolewa na fundi wa mashine ya kusaga. Alikuwa na mwandiko mdogo ulionyooka na ukimya ambao walimu waliupenda. Kiswahili alikuwa amekijulia shuleni kama sisi sote, ila chake kilikuwa na mwendo wa Kimaasai, na chetu kilikuwa na makoo ya Kiiraqw, kwa hiyo tulichekana sawa kwa sawa. Mimi nilimfundisha matusi madogo ya kwetu. Yeye alinifundisha namna watoto wa kwao wanavyowaamkia wakubwa, kwamba huinui mkono, unainamisha kichwa na kusubiri mkubwa akuguse utosini. Tulifanya mazoezi chini ya dawati hadi shingo zikauma.

Nasieku hakuwa na mbegu. Nilimwambia asijali, kwetu zipo. Bibi yangu mzaa baba alikuwa na chungu cha mbegu kwenye dari juu ya meko, na ndani yake maharage meupe yenye mabaka mekundu, yamechanganywa na majivu ili yasibunguliwe. Chungu kile hakikuguswa hata mwaka mmoja mvua ilipogoma na tukala uji mwepesi asubuhi na jioni. Kwetu sisi wakulima wa kule, ukitaka kumtukana mtu hadi ukoo wake uinamishe macho, huna haja ya kumtaja mama yake. Sema tu kwamba amekula mbegu. Maana yake ni mvivu na mlafi, mtu asiyejua kuna kesho. Bibi alikuwa akisema, "Aliyekula mbegu amemla mjukuu wake." Na mbegu ukipewa na mtu, sheria ilikuwa moja: uipande, au uirudishe.

Nilipomwomba maharage kumi ya rafiki yangu alinitazama muda mrefu, akanitia kwenye kiganja moja moja, akahesabu, akahesabu tena. Yale ya kwangu alikuwa ameyachota bila hata kuangalia. Nasieku aliyapokea kwa mikono miwili, akayafunga kwenye pindo la kitambaa pamoja na majivu yake, na kesho yake akaondoka kwenda kwao.

Ile likizo sitaisahau. Niliamka kabla ya jogoo kwenda kulichungulia kopo langu la siagi kwenye ukingo wa dirisha. Siku ya nne udongo ukapasuka kidogo, siku ya tano kikatoka kitu kilichopinda mgongo, na siku ya sita kikanyooka kikavua kofia yake. Nilipima kwa rula hadi mama akaniuliza kama na yeye ninampima. Mvua ilikuwa inanyesha kila alasiri, Daa nzima iko shambani, watu wanaamkiana kwa kuulizana wamefikia wapi. Sikujua kwamba mahali popote duniani mvua inaweza kunyesha na mtu akaiacha tu ipite.

Shule ilipofunguliwa darasa lilinuka udongo mbichi. Makopo yalijaa juu ya madawati, ya siagi, ya rangi, na moja la dawa ya kuogeshea ng'ombe ambalo halikuwa limeotesha kitu na halikushangaza mtu. Mvulana mmoja wa mstari wa nyuma alikuwa amesahau kazi kabisa, akang'oa kitu gizani shambani kwa baba yake asubuhi ile na kukichomeka kwenye kopo. Mwalimu Bura alikizunguka mara mbili na buti zake, kisha akamuuliza kwa upole tangu lini haragwe likawa na jani la mhindi.

Mimi nilikuwa kiongozi wa kikundi. Kazi yangu ilikuwa kupita dawati kwa dawati na kutaja mbele ya mwalimu nani ana kopo na nani hana. Sifichi, nilikuwa mtoto wa kimbelembele. Nilipenda kusimama na daftari kifuani na kusema maneno ambayo watu wangeyasikiliza. Nikafika dawati letu. Upande wangu kopo, miche tisa imesimama. Upande wa Nasieku, mbao tupu.

Nilimuuliza kwa sauti ndogo kopo liko wapi. Akasema hana. Na maharage? Akasema yamebaki nyumbani. Nikamuuliza kama aliyapanda, akatikisa kichwa. Basi kwangu mimi ilitosha. Mvua ilikuwa inanyesha, udongo uko bure, mbegu ziko mkononi, mtu hakupanda. Katika dunia niliyoijua kulikuwa na mambo mawili tu ambayo mtu angeweza kuyafanyia maharage, na kama hakufanya la kwanza alifanya la pili. Na yalikuwa maharage ya bibi yangu. Nikageuka, nikasimama wima.

"Ameyala, mwalimu."

Darasa lilicheka. Si kicheko kidogo. Lilicheka kile kicheko cha watoto wa wakulima waliosikia mtu amekula mbegu, na mvulana wa jani la mhindi ndiye aliyecheka kuliko wote, kwa furaha ya kupata wa kumpokea zamu. Nasieku hakulia. Alinitazama tu, kwa namna ambayo sikuielewa, akiwa amekunja uso kidogo, kama mtu anayejaribu kusikia. Nadhani hata hakujua kwamba lile lilikuwa tusi. Kwao hakuna aliyewahi kumtukana mtu kwa ajili ya maharage.

Mwalimu Bura alimuuliza kama ni kweli. Nasieku akainamisha kichwa asiseme kitu. Mwalimu akangoja, na mimi nakumbuka jinsi alivyongoja, rula ikimgonga kwenye buti, tak, tak. Kisha akapiga mstari juu ya jina. Hakufurahi kufanya hivyo, lakini alikuwa amesema sharti mbele ya watoto na mtu wa sayansi hakiuki sharti.

Saa ya mapumziko tulikutana bombani. Nasieku aliniambia, akiwa anakinga maji, "Magda, kwetu hatupandi." Nikamjibu kwa kujua kwangu kote: kwani mnakula nini, mawe? Akatabasamu kidogo, akanywa maji, akaondoka. Tuliendelea kukaa dawati moja. Tulikopeshana kifutio. Lakini hakuinamisha kichwa tena ili nimguse utosini, na mimi sikumuuliza kwa nini.

Wiki zikaenda. Miche yetu ikahamishiwa bustani ya shule na ikatoa maua meupe. Ziara ilibaki pale pale, Ijumaa ya mwisho ya muhula, siku ambayo shule ingefungwa, na wenye nafasi tulikuwa hatuzungumzi kingine. Alhamisi jioni, nikiwa nafua soksi nyuma ya nyumba, Nasieku alikuja kwetu. Hakuwahi kuja peke yake. Alisimama kwenye migomba, akaniambia kwamba wakati wa Pasaka alikuwa amemweleza mama yake habari za ziara, siku na mahali gari litakaposimama. Mama yake hana simu. Kutoka kwao hadi ukingoni ni mbali, lakini angekuja, alikuwa amesema atakuja, atalala kwa ndugu njiani.

"Atakuwa pale," alisema. "Usimwambie nimekatazwa. Mwambie niko mzima."

Sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo pangeweza kuwa na hadithi nyingine. Mwalimu Bura alikaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Nilikuwa na jioni nzima. Ningeweza kwenda kumwambia kwamba mimi sikumwona Nasieku akila chochote, kwamba lile neno nililitunga mwenyewe, na mzee yule angemwandika upya kwa wino wa furaha. Nililifikiria. Nililifikiria hadi soksi zikakauka. Lakini kesho ningekuwa kiongozi wa kikundi aliyesema uongo, na huenda mstari ungehamia kwenye jina langu. Nikaenda kulala.

Fuso lilikuja alfajiri, lilikuwa limeshusha vitunguu usiku ule ule. Walikuwa wamelifagia, lakini maganda yale mepesi yalibaki kwenye kila ufa, na gari lilipoanza kukimbia yakainuka yote yakatuzunguka vichwani, mekundu na ya dhahabu, yakatua kwenye nywele na kwenye vikapu vyetu vya viazi na mayai. Tuliimba hadi Karatu mjini. Baada ya hapo barabara ikaanza kupanda na nyimbo zikapungua zenyewe. Getini tulisimama, tukahesabiwa, nyani wakatukagua. Ndani ya geti ulikuwa msitu, na msitu ulikuwa na ukungu, na miti ilining'iniza ndevu za kijivu. Hakuna aliyetuambia tunyamaze, ila tulinyamaza. Sauti ya injini ilikuwa imemezwa. Kila kitu kilikuja polepole, kikatokea, kikatutazama, kikapotea: shina kubwa lililofunikwa na kuvu, mzee na punda wawili, ndege wa bluu asiyeogopa. Nilisinzia nikiwa macho. Mpaka leo baadhi ya vitu nilivyoviona kwenye barabara ile sina hakika kama vilikuwepo.

Kituoni juu tulishuka tukitetemeka. Askari mmoja wa hifadhi mwenye koti zito alitupokea, akatueleza masharti ya mahali pale kwa sauti ya kuchoka. Usitupe takataka. Usichume hata ua moja. Usiondoke na jiwe. Akasema watu wanaishi humu na ng'ombe wao tangu zamani, lakini hakuna anayeruhusiwa kulima, hata bustani ya mboga, hata tuta moja, ili mahali pabaki jinsi palivyo. Wenzangu waliandika. Mimi kalamu ilisimama. Nilisikia maji ya bomba la shuleni yakimwagika, na sauti iliyosema kwetu hatupandi, na sauti yangu mwenyewe ikiuliza habari za mawe.

Hapo ndipo ukungu ulipofunguka. Sijui niuseme vipi. Tulikuwa tunatazama weupe mtupu, na weupe ule ukatoboka, na chini yake, mbali sana, kukawa na dunia nyingine iliyokuwa imekaa kimya muda wote tukiwa tunakula viazi. Kijani kisichokuwa na mstari hata mmoja wa jembe. Ziwa limelala pembeni lina ukingo wa waridi. Vivuli vya mawingu vinatembea. Mwalimu Bura alituonyesha nyati, tukawaona kama punje zilizomwagika kwenye mkeka. Watoto walishangilia. Mwalimu mwenyewe alivua kofia, na nilimwona akifuta macho, akasingizia baridi.

Mwanamke alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara. Shuka la bluu, miguu imelowa umande hadi magotini, kibuyu chembamba cha maziwa chenye shanga kimening'inia begani. Alikuwa anaangalia nyuso zetu moja moja, taratibu, kuanzia kushoto, na alipofika mwisho akaanza tena kushoto. Nilimjua kwa kipaji cha uso, kilikuwa kile kile cha Nasieku. Nilitaka ukungu urudi. Lakini miguu ilinipeleka, na nilipofika mbele yake nikafanya nilichofundishwa. Niliinamisha kichwa. Kiganja chake kikanigusa utosini, kikavu, chepesi, kinanuka moshi na samli.

"Wewe ni Magda," alisema. Nasieku alikuwa amemweleza habari zangu zote. "Mtoto hakuja?"

Nilimwambia Nasieku ni mzima, ila ana mafua kidogo. Alikubali kwa kichwa. Aliangalia tena kule kwenye gari, mara moja tu, halafu akavua kibuyu begani akanipa, nimpelekee mwenzangu. Kisha akafungua pindo la shuka lake, taratibu, kwa meno na vidole, akatoa kifundo cha kitambaa ninachokijua. Alinifungulia nione. Maharage meupe yenye mabaka mekundu. Yalikuwa yamefutwa majivu, moja moja, yanang'aa.

"Haya ni ya mwalimu," alisema. "Mimi niliyaficha ndani, watu wasione mbegu. Asubuhi ya kurudi shule gari likaja haraka, tukasahau. Yote kumi. Huku haturuhusiwi kupanda. Mwambie mwalimu asimkasirikie mtoto, ni makosa yangu."

Nilitia kifundo kile kwenye mfuko wa sketi. Mwalimu Bura aliponiuliza garini yule mama alikuwa nani, nilimwambia ni mama yake Nasieku, ameleta maziwa. Akasema, loo, kutoka Endulen yote, na baada ya muda kidogo nikamwona anageuka kuangalia nyuma, lakini tulikuwa tumekwisha kuingia msituni. Kifundo kilinibana pajani kila gari liliporuka. Sikukitoa.

Nasieku alikuwa ananisubiri kwenye mashine ya kusaga, amejaa vumbi la unga nyusi zote. Nilimpa kibuyu. Aliondoa kifuniko, hakunywa, akaweka pua kwenye mdomo wa kibuyu na kufumba macho, akabaki hivyo. Mashine ilikuwa inanguruma nyuma yetu. Nilikuwa na kifundo mfukoni na maneno mdomoni. Alipofumbua macho hakuniuliza habari za kreta wala nyati.

"Alivaa shuka gani?" aliniuliza.

Nikamwambia, la bluu. Akacheka kwa furaha, akasema hilo ndilo jipya. Nami nikaenda zangu nyumbani.

Bibi ndiye aliyenishika nikipanda dari. Nilikuwa nimefikia chungu, nafungua kitambaa. Aliniuliza mbegu hizo zimetoka wapi, na mbele ya bibi yangu uongo ulikuwa haukai, ulikuwa unaanguka wenyewe. Nilimwambia yote, tangu dawati tupu hadi shuka la bluu. Hakunipiga. Alinyoosha kiganja, akahesabu, akahesabu tena.

"Watu waliorudisha mbegu kumi," alisema, "wewe umewaita walaji."

Kisha akaniambia muhula ukifunguliwa nitasimama mbele ya wale wale waliocheka, niseme. Nikaahidi. Akayatia maharage chunguni kwa mkono wake, akachanganya na majivu.

Muhula ulipofunguliwa upande wa pili wa dawati langu ulikuwa mtupu. Alikuwa amepata nafasi kwenye shule ya kwao, walisema, na mama yake alitaka awe karibu. Nilikaa pale asubuhi nzima nikijiambia kwamba sasa haina haja, maana mwenyewe hayupo. Mwalimu Bura alitupa kazi ya kuandika insha ya ziara. Niliandika ukungu, nikaandika nyati, nikaandika ziwa la waridi. Yule mwanamke sikumwandika. Nilipata alama ya juu kabisa, na insha ikabandikwa ukutani, nikaitazama hadi mwisho wa mwaka. Mwalimu akahamishwa. Maji yakimwagika hayazoleki, na mimi nilikuwa nimeyamwaga mara mbili.

Mengine yote yamenijia ukubwani, mengi nikiwa nimekaa kwenye cherehani nanusa vitunguu. Nimeelewa kwamba Nasieku alinijibu siku ile ile bombani, jibu zima, na mimi nikasikia uvivu. Nimeelewa kwa nini alinyamaza mbele ya mwalimu: mama aliyeficha maharage kumi nyumba nzima isiyaone, mtoto wake hawezi kusimama kuyatangaza darasani. Nimeelewa kwamba ule ukijani tulioushangilia, usio na mstari wa jembe, ndio uliomnyima yeye nafasi ya kuja kuushangilia. Na yule mama. Alitembea siku mbili kwenye baridi na kitu ambacho kwake hakikuwa na kazi yoyote, si mbegu wala chakula, ili jina la mwanawe libaki safi kwa mwalimu. Akalikabidhi kwangu mimi niliyelichafua, akaniwekea na mkono kichwani.

Bibi alikwisha kutuacha, na chungu kiko kwangu. Kila mwaka mvua zikianza nakwenda Daa kupanda. Maharage ya Nasieku yalichanganywa na mengine usiku ule, na vizazi vyake vimechanganyika zaidi, kwa hiyo siwezi kuchota kiganja chochote nikasema haya si yake. Nafukia moja moja. Ahadi niliyompa bibi inanisubiri pale kwenye mstari, na kwa kuwa Mwalimu Bura sijui aliko, na wenzangu waliocheka wametawanyika, nimeona niitimize hapa mbele yenu, nikiwa nimesimama wima kama siku ile.

Hakuyala, mwalimu.